Bei ya Watu Wawili

Lindsay Crowther ameendesha foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, kwenye kiwanda cha viazi hapa mjini Ulverstone kwa miaka ishirini na tisa, na katika miaka yote hiyo sijawahi kumwona akibishana bei. Gari alilo nalo alilinunua kwa bei iliyoandikwa kwenye kioo. Mwenye gari alikuwa tayari kupunguza dola mia tano, akabaki kumshangaa. Ndiyo maana Jumamosi ile aliponiambia, "Nisindikize jimu, nataka kugombana na watu," nilidhani ananitania.

Mimi na yeye tuko zamu moja. Wakati wa chakula nakaa meza yake kwa sababu haongei sana, na mimi ni hivyohivyo. Mambo ya nyumbani kwake niliyajua kidogo kidogo. Miaka sita iliyopita daktari alimwambia mkewe, Maree, kwamba sukari yake imepanda na asipofanya mazoezi atajuta. Maree aliona haya kwenda jimu peke yake. Basi Lindsay, mtu asiyependa hata kupanda ngazi, akajiandikisha pamoja naye. Jimu ilikuwa na bei ya watu wawili wa nyumba moja, dola ishirini na sita kila wiki mbili, zinakatwa kwenye akaunti ya Lindsay benki. Walikuwa wakitembea kwenye mashine mbili za dirishani, yeye na suruali ya kazini, mkewe na taulo begani, wanatazama magari yakiegeshwa.

Juni iliyopita Maree alikwenda mjini Launceston kumsaidia binti yao aliyejifungua. Mtoto sasa anasimama mwenyewe, na Maree hajarudi. Mwanzoni alipiga simu kila jioni, halafu ikawa Jumapili tu, halafu akawa anatuma picha za mtoto bila neno lolote. Lindsay akiulizwa alijibu, "Yuko kwa mjukuu." Hakuna aliyemwuliza mara mbili. Sisi tulikwisha kuelewa. Yeye nadhani alikuwa anajizuia kuelewa.

Nyumba aliachiwa na mama yake, gari ni la jina lake. Mahali pekee palipobaki majina yao yameandikwa pamoja, ukiacha cheti cha ndoa, ni jimu. Siku moja alinionyesha kwenye simu: jina lake, chini yake jina la Maree, na ile ishirini na sita imekatwa. Alinionyesha kama mtu anavyoonyesha picha ya harusi.

Ijumaa akapata ujumbe kutoka jimu. Maree ametolewa, na kuanzia sasa Lindsay atalipa bei ya mtu mmoja, dola kumi na tisa.

"Kompyuta imekosea," aliniambia njiani. "Wakimrudisha, yamekwisha."

Kwenye kaunta alikuwapo mhudumu, Tahlia, binti mchangamfu wa miaka ishirini na kitu. Pembeni yake Gavan, mwenye bucha ya kule stendi, alikuwa anatikisa unga wake wa kujenga misuli ndani ya chupa.

"Lindsay! Umepotea! Nikusaidie nini?"

Nilijua maneno yake ameyafanyia mazoezi, maana aliyatoa bila kupumua. "Watu wawili ni ishirini na sita. Ni kumi na tatu kila mtu. Sasa niko mmoja mnanitoza kumi na tisa. Huo si wizi?"

"Lakini umepunguziwa! Ulikuwa unalipa ishirini na sita, sasa kumi na tisa."

"Nirudishie ishirini na sita."

Tahlia akacheka. "Unataka kulipa zaidi?"

"Nataka bei yangu."

"Mpe, dada!" Gavan akadakia. "Mteja anaomba kupandishiwa bei, wewe unaleta maringo? Lindsay, njoo buchani kwangu, nitakupandishia mpaka ufurahi."

"Bei ya wawili inataka watu wawili," Tahlia akasema.

"Tuko wawili. Mwenzangu kasafiri."

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya friji la vinywaji, nasoma vibandiko vya chupa. Nilitaka kumsogelea yule binti nimnong'oneze: mwandike tu, mkatie ishirini na sita yake, hutapungukiwa kitu. Yalikuwa maneno machache. Lakini mbele za watu mdomo wangu hufungika, na siku ile ulifungika.

Tahlia akatazama kompyuta. "Ningeweza kumwandika yuko likizo, lakini kajitoa mwenyewe. Jumanne."

"Kwa simu?"

"Hapana, alikuja. Mtu akijitoa lazima aje na kadi, ndiyo sheria yetu. Mimi ndiye niliyempokea." Kisha akaongeza kwa furaha, "Amependeza kweli! Amekata nywele."

Kutoka Launceston mpaka hapa ni zaidi ya saa nzima kwa gari. Kutoka jimu mpaka kwa Lindsay ni dakika tano. Na Jumanne zamu yetu huwa inapumzika, jambo ambalo Maree analijua kuliko mtu yeyote.

Lindsay aliweka mikono yote miwili juu ya kaunta, akanyamaza.

Tahlia akasubiri. "Sawa, wewe ni mteja wa siku nyingi. Kumi na sita."

Lindsay hakujibu.

"Kumi na nne."

Gavan akaacha kutikisa chupa. "Huyu jamaa ni jiwe! Mtazame, hata hapepesi macho!"

Tahlia akaingia chumba cha nyuma kwa meneja, akatoka mashavu yamekuwa mekundu. "Kumi na moja. Bosi kasema ndiyo mwisho, na usimwambie mtu. Hata wageni wanaojiunga leo hawapati bei hiyo."

Akamgeuzia kioo cha kompyuta chenye fomu ili aweke sahihi. Sehemu moja ilikuwa tupu. "Hapa ni mtu wa kupigiwa simu ukizidiwa. Alikuwa Maree. Nimwandike nani?"

Lindsay aliikodolea macho ile sehemu. Kisha akanielekezea kidole bila kunitazama. "Mwandike huyo."

Nikataja namba yangu. Hilo ndilo neno pekee nililosema mle ndani.

"Umenishinda, Lindsay!" Tahlia akasema, na Gavan akapiga makofi.

Garini hakuwasha injini. "Jumanne nilikuwa napaka rangi uzio wa mbele," akasema. "Kutwa nzima. Angepita ningemwona."

"Kumi na moja ni bei nzuri," nikamwambia. Mpaka leo sijui kwa nini nilisema hivyo.

"Ndiyo. Ni nzuri."

Gavan hana siri. Jumatatu kiwanda kizima kilikuwa kinajua, na wakati wa chakula wenzetu wakaja mezani kwetu na mikate yao ya nyama, wanamwita Profesa.

"Tufundishe, mzee. Mimi kampuni ya simu inanikamua. Ulimwambiaje yule binti?"

"Sikumwambia kitu," Lindsay akasema. "Nilinyamaza."

Wakacheka wakapiga meza. Mmoja akasema hiyo ndiyo akili, na kwamba kesho yake ataijaribu.