Ufunguo wa Tatu

Jina lake la kweli lilikuwa kwenye leseni ya biashara iliyotundikwa kibandani, na hakuna aliyewahi kujisumbua kulisoma. Mtaa mzima ulimwita Fundi Meno, kwa kuwa kutwa alichonga meno ya funguo, na kwa kuwa ya kwake mwenyewe yalibaki ya kuhesabu.

Kibanda kilikuwa na upana wa mlango na nusu: mashine ya kuchongea, jiliwa la kubania chuma, tupa za kila ukubwa, na ukuta mzima wa funguo zinazosubiri kuchongwa. Kwa miaka thelathini na miwili hakuuza ufunguo uliogoma. Hilo alikuambia mwenyewe bila kuulizwa, hata kama ulipita tu kujikinga na mvua. Mdomo wake haukuwa na breki. Watu walijua habari za goti lake, za ugomvi wa mkewe na jirani, za kila mahali alipowahi kudanganywa sokoni. Kitu kimoja tu hakukisema kamwe: mlango wa nani una kitasa gani, na wa nani haufungi vizuri. Kwa hilo watu walimsamehe yale mengine yote.

Kisha bomu likalipuka kituo cha mabasi, asubuhi, watu wakienda kazini. Tisa wakafa. Dada yake mdogo, aliyekuwa akiuza magazeti pale, alitoka na uhai wake na sikio moja linalosikia. Hapa hakuna utani. Fundi alikaa naye hospitali siku kumi na mbili akizungumza upande wa sikio zima, na aliporudi kibandani alikuwa na hasira asiyojua aitue wapi.

Siku hizo ndipo alipokuja Afande, mkuu wa ofisi ya usalama ya eneo lile, mtu mpole mwenye faili kwapani. Agizo lilikuwa fupi. Kila fundi wa vitasa achonge ufunguo mmoja zaidi kwa kila mlango anaoushughulikia, aufungie kikaratasi chenye anwani, aupeleke ofisini kila Ijumaa. Mwenye mlango asiambiwe.

"Tukipata taarifa tunaingia haraka, hatuvunji mlango wa mtu," Afande alisema. "Hata dada yako angependa wale watu wakamatwe, au siyo?"

Angependa. Hata yeye Fundi alitaka hivyo. Akasaini.

Sasa, Fundi Meno ukimpa kazi anaifanya mpaka wewe uchoke. Alinunua kalamu mpya kwa ajili ya vile vikaratasi. Hakuishia kwenye anwani, akaongeza na maelezo: "vuta mlango kwako kidogo, kisha zungusha," au "mbwa anabweka tu, hana neno." Na kwa kuwa agizo lilisema kila mlango, alipobadilisha kitasa cha nyumbani kwake alichonga funguo tatu. Cha dada yake pia, tatu. Mwezi wa tatu wa agizo lile Afande mwenyewe akaleta kitasa cha nyumba yake, akaondoka na funguo mbili. Ijumaa ile Fundi akampelekea wa tatu.

Afande aliugeuza mkononi. "Huu si wa kwangu?"

"Agizo linasema kila mlango, Afande."

Afande akakohoa, akautundika kwenye ubao wa misumari ukutani pamoja na nyingine.

Siri ile ilimkondesha. Mtu aliyezoea kumwaga kila kitu alikaa na jambo moja tumboni miezi minne, mpaka mkewe akaanza kunusa mashati yake akitafuta manukato ya mwanamke. Fundi aliona heri ashukiwe hivyo.

Siku moja, Jumanne, akaja Nesi. Alikuwa mstaafu, mama mtu mzima, aliyewahi kuzalisha nusu ya mtaa. Tangu bomu lile vijana wengi walikuwa wamechukuliwa na askari, wala hawajafikishwa mahakamani. Mama zao walikusanyika sebuleni kwa Nesi kila Alhamisi, naye akawaandikia barua za kuuliza waliko.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Fundi. Nimeingiliwa."

"Wamevunja?"

"Hawajavunja kitu. Nimekuta mlango umefungwa, kitasa kizima. Ila daftari langu la majina ya wale akina mama halipo. Na kitanda kimetandikwa vizuri kuliko nilivyokiacha."

"Labda umelisahau mahali," Fundi alisema, na papo hapo akajichukia.

"Nimezeeka, lakini si kwa kiasi hicho. Kesho uje uniwekee kitasa kipya, kile kizuri kabisa. Siwezi kumwita mtu mwingine. Kwa mlango wangu namwamini wewe tu."

Fundi Meno aliitikia kwa kichwa. Akaanza kufagia mahali palipokuwa pasafi.

Jioni akaenda kwa dada yake, akakaa upande wa sikio zima, akatoa yote. Dada akauliza:

"Na wa kwangu uko huko?"

"Uko."

"Kwenye kikaratasi umeandika nini?"

Fundi akajikuna shingo. "Kwamba komeo la chini halifungi."

"Kaka, waliotega lile bomu nataka wakamatwe. Nataka mpaka leo. Lakini unajua mimi nalala nimelalia sikio hili linalosikia. Mtu akifungua mlango wangu taratibu, sitamsikia."

Fundi hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa amefikiria vikaratasi tu. Kabla ya kuondoka akalitengeneza lile komeo.

Asubuhi yake alikuwa nje ya ofisi ya Afande kabla mlango haujafunguliwa. Ulipofunguliwa akaingia. Ubao ule ulikuwa umejaa kutoka pembe hadi pembe, na karibu vikaratasi vyote vilikuwa na mwandiko wake. Nesi, dada, mke wake, mwalimu, muuza mkaa, wote walining'inia pale. Kwenye msumari mmoja palikuwa na kikaratasi cha anwani ya Afande tu, bila ufunguo.

"Afande, wa kwako uko wapi?"

Afande alijifanya anapanga faili. "Nimeuchukua nyumbani."

"Kwa nini?"

"Fundi, mimi nina mabinti pale. Siwezi kuacha ufunguo wa nyumba yangu mahali ambapo kila askari wa zamu anapita." Alisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa, kisha akashituka, kama mtu aliyeyasikia maneno yake mwenyewe.

Fundi Meno hakucheka, ingawa siku nyingine angelicheka mwezi mzima. "Basi sitaleta tena," alisema. "Ukiwa na shaka na mtu, njoo na karatasi ya hakimu. Nitakufungulia mlango mimi mwenyewe, mchana, mwenye nyumba akiwa amesimama pale. Wale wabaya tutawapata hivyo hivyo. Lakini utaanza kwa kupiga hodi."

"Nakala ya leseni yako iko mezani kwangu, na naweza kuifuta, unajua."

"Najua. Angalau mtu ataisoma."

Akatoka. Akaenda moja kwa moja kwa Nesi; kuhatarisha leseni kulikuwa kugumu, lakini lililobaki lilikuwa gumu zaidi. Alimkuta Nesi mlangoni. Hakuweka hata begi la vifaa chini.

"Mama, mlango wako nimeufungua mimi. Nilichonga tatu. Mbili nilikupa wewe, moja niliwapa wao. Nimefanya hivyo kwa kila mtu."

Nesi hakupaza sauti. Fundi alitamani apaze. Nesi aliingia ndani, na Fundi akabaki kibarazani akitazama kitasa chake mwenyewe, kilivyokaa vizuri mlangoni, bila hata pengo la kupitisha unywele.

Hatimaye mama yule alirudi akiwa amebeba kigoda. Akakiweka hatua moja kutoka mlangoni, akavaa miwani yake, akakaa.

"Haya, Fundi, weka hicho kipya."

Fundi akapiga magoti, akaanza kufungua skrubu. Kwa miaka thelathini na miwili watu walimwachia milango yao wakaenda zao sokoni au kazini. Sasa alifanya kazi huku macho mawili yakifuata kila kidole. Alipomaliza akafungua mfuko na kumimina funguo zote zilizokuja na kitasa kwenye kiganja cha Nesi.

Nesi akazihesabu. Kisha akazihesabu tena.