Ng'ombe wa Gogo Ng'ambo ya Kijito

Juzi nilikuwa nyumbani, upande wa Sotik, simu ya mama ikalia. Zilikuwa zile pesa ambazo serikali huwatumia wazee. Mama akageukia ukuta kusoma ujumbe, akanificha hata mimi, binti yake wa kumzaa. Nilicheka, lakini sikushangaa. Kwetu msaada wa serikali haujawahi kuingia bila watu kuangaliana kwa jicho la pembeni.

Miaka ya tisini, rafiki yangu, jua lilitupiga hata sisi wa majani chai. Mahindi yalikauka yakiwa mafupi, na vikapu vya kuchumia chai vikawa vinarudi vyepesi. Ndipo yakaja mahindi ya msaada, ya manjano, yenye harufu ya gunia na dawa. Watu wazima walinong'ona kwamba ni chakula cha mifugo, au yametiwa kitu cha kuzuia uzazi. Gogo, yaani bibi yetu, aliwapa kuku kwanza, akawachunguza siku nzima, kisha akatusongea ugali.

"Tumbo ikiuma, mseme mapema," alituonya.

Lakini kuyapata kulikuwa na shida: kabla ya kugawa, msaidizi wa chifu alipita boma kwa boma, na mwenye ng'ombe hakupewa kitu. Gogo alikuwa na mmoja, mwekundu, mwenye mimba lakini bado akikamuliwa. Basi akakumbuka mila yetu ya kumwachia rafiki ng'ombe wako akutunzie: maziwa ni yake, ndama ni wako. Asubuhi na mapema alimvusha kijito hadi kwa jirani, rafiki yake tangu usichana. Msaidizi wa chifu alipokuja, gogo alimwonyesha boma tupu kwa uso wa huzuni ambao sijauona tena. Tukaanza kupewa mahindi.

Jirani hakuwa mchoyo. Alituletea mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu yenye rangi ya mkaa, nami niliyanywa hadi nikalamba kikombe. Gogo aliyanusa kwanza. "Hii ni kidogo. Ingine anauza wapi?" Akawa ananituma kwa jirani kuomba makaa ya moto, ingawa meko yetu yalikuwa yanawaka, ili nikamwangalie ng'ombe. Jirani alinipa makaa akitabasamu. Nadhani alijua.

Siku moja nilikuta ng'ombe hayupo, na jirani pia hayupo. Nilipomwambia gogo, alikaa chini palepale. Angemshtaki kwa nani? Mbele ya serikali hakuwa na hata kwato. Akinyamaza, ng'ombe amekwenda. Akisema, mahindi yamekwenda, na sisi tungekula nini? Alinyamaza, lakini hakulala vizuri. Siku ya kugawa mahindi, tukiwa kwenye foleni, jirani akapita amejifunga leso mpya.

"Umeuza ng'ombe yangu!" gogo akapiga kelele.

Watu wote wakageuka. Msaidizi wa chifu akaweka debe chini polepole. "Gogo, ng'ombe gani?"

Tulirudi na gunia tupu. Siku chache baadaye jirani alivuka kijito akimswaga ng'ombe wetu, na nyuma yao ndama anayeyumbayumba. Nyasi zake zilikuwa zimekwisha, alisema, akampeleka kwa kaka yake karibu na Mogogosiek, ambako mvua ilikuwa imenyesha. Mpaka leo moyo wangu huuliza ile leso ilitoka wapi, na ninauchukia kwa hilo.

"Ungeniuliza tu, mama," alimwambia gogo, akampa kamba, akaenda zake.

Mila ile imekwisha kwetu. Kila mtu sasa anafungia ng'ombe wake ndani ya ua wake, kwa kufuli, na watoto wetu hawajui kwamba zamani mali yako ingeweza kulala kwa mwingine nawe ukalala. Ninaikumbuka kwa uchungu.

Gogo alipofariki, miaka mingi baadaye, jirani alikuja matangani. Tulimpa chai. Alishukuru, akaishika kwa mikono miwili hadi ikapoa, kisha akaturudishia kikombe kikiwa kimejaa.