Wafuga Kuku Watafuta Pa Kuhamia

Wenzake walimwita Katibu, na jina lilimkaa kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya miaka ishirini na mitatu: kuchapa barua, kupanga majalada na kupokea wazazi wenye hasira katika ofisi ya shule ya sekondari. Nyumbani alifuga kuku arobaini nyuma ya jiko. Kwenye simu alisimamia kundi la wafuga kuku mia tatu na ushee, ambao wengi wao hakuwahi kuwatia machoni.

Kundi lilianza vizuri. Mtu mwenye kuku anayekohoa aliweka picha, na daktari wa mifugo, mwanachama kama wengine, alijibu kabla chai haijapoa. Watu walipoongezeka, salamu za asubuhi zilikuja na picha za maua, maua yakaleta maombi, maombi yakaleta tangazo la magodoro. Ushauri wa daktari ulizama humo kama sindano kwenye pumba. Siku mama mmoja alipoomba dawa ya kuku waliovimba macho, akajibiwa "Amina" mara kumi na saba, Katibu aliona maji yamezidi unga.

Alitangaza kwamba kundi litahama. Programu za kuchati ziko nyingi, alisema, na yeye atazijaribu moja moja pamoja na watakaojitolea, kisha alete taarifa. Akatoa daftari la jalada gumu, akapiga mistari kwa rula, akaandika maswali. Mtu ataweza kulipata jibu la jana bila kusugua kioo mpaka kidole kiote sugu? Inakula bando kiasi gani? Nani ataiona namba yangu ya simu? Swali la mwisho aliliandika kwa wino mwekundu: Kaka ataiweza?

Kaka alikuwa kaka yake mkubwa, mtunza ghala mstaafu aliyeishi mtaa wa pili. Kundini hakuna aliyemshinda kwa ufugaji, wala kwa mdomo mchungu. Aliyeuliza jambo lililokwisha jibiwa aliandikiwa maneno matatu: "Soma kabla hujauliza". Nukta hakuweka; pengine aliona ni kubembeleza. Vitufe vya simu alivibonyeza kwa hasira, vyote, mpaka kimoja kitii. Katibu alipiga hesabu kwamba programu atakayoiweza Kaka, hakuna mwanachama itakayemshinda.

Programu ya kwanza waliibatiza Kabati, maana kila kitu kilikuwa na droo yake. Tatizo lilikuwa mlangoni. Ilidai neno la siri lenye herufi kubwa, tarakimu na alama ya ajabu. Kaka alilitunga, akaliandika kwa chaki kwenye ukuta wa banda la kuku ili asilisahau. Kesho yake mkewe akapaka banda chokaa. Kabati ikapata nne kwa kumi.

Ya pili, Dirisha, ilifunguka kwenye simu yoyote na haikuonyesha namba ya mtu. Ila kila mmoja alijichagulia jina, na saa haikuisha kabla hawajatokea madaktari wa mifugo watatu, mmoja wao fundi bomba. Daktari wa kweli alipofika, aliombwa kitambulisho. Katibu aliipa tano, akakata nusu kwa ajili ya fundi bomba.

Ya tatu ilikuwa Gorofa. Ilikuwa na chumba cha magonjwa, chumba cha vyakula, chumba cha salamu ambamo watu wangeamkiana hadi wachoke, na chumba cha sauti kwa wanaopenda kuongea. Katibu aliipenda mno, hata akaanza kuandika pendekezo kabla ya majaribio, kosa ambalo asingemsamehe mchapaji yeyote.

Majaribio yalifanyika Jumamosi asubuhi. Kaka aliingia, akabonyeza huku na huku, akaandika "Hakuna kitu humu", kisha akatoweka. Kumbe kimojawapo cha vitufe alivyobonyeza kilikuwa cha chumba cha sauti. Aliitia simu kwenye mfuko wa shati, akaenda kulisha kuku.

Katibu alikuwa anapiga pasi blauzi ya kazini alipoona alama kwamba kuna mtu chumba cha sauti. Akafungua. Alisikia ndoo, kuku, halafu sauti ya mwanamume ambayo hakuitambua mara moja, kwa kuwa haikuwa na kutu.

"Shikamoo mama," sauti ilisema. "Umeamkaje? Mbona hujala? Kula kidogo basi, hata kwa ajili yangu."

Alikuwa Kaka, anamwamkia tetea. Baada ya tetea alimgeukia jogoo, akamsihi kwa upole awaheshimu wake zake. Wasikilizaji walikuwa wawili, wakawa tisa, wakawa ishirini na wanne. Mmoja aliandika kuuliza hii ni redio gani. Fundi bomba akamjibu anyamaze, watu wanasikiliza.

Katibu alijua la kufanya. Msimamizi ana kitufe cha kumzima mtu sauti, na kidole chake kilikuwa juu yake. Hapo ndipo aliposikia ndoo ikigeuzwa na Kaka akiketi, magoti yakilalamika.

"Mdogo wangu anahangaika na programu zake," Kaka alimwambia kuku. "Ana kichwa yule. Alikuwa anasoma hata karatasi za kufungia sukari. Ilipobidi mmoja wetu aache shule, niliacha mimi, na sijajuta. Lakini usimwambie, atavimba kichwa."

Katibu alisimama pale pale. Kilichomzindua ni harufu ya kitambaa kinachoungua. Alichomoa pasi, akabonyeza kitufe, na blauzi ikabaki na pembetatu ya kahawia mgongoni. Wakati huo wasikilizaji walikuwa arobaini na mmoja. Fundi bomba aliandika kwamba leo mtama umemwagwa kwenye kuku wengi, na kuku wenyewe wapo.

Kaka aliyasoma hayo baada ya nusu saa. Ndani ya dakika moja alijitoa Gorofa, akajitoa kundi la zamani, na kwa kuwa mkono ulishazoea, akajitoa na kundi la ukoo.

Katibu alikwenda kwa miguu. Wifi yake alifungua mlango akiwa na machozi ya kicheko, akasema mzee amejifungia bandani. Akaongeza kwamba yeye ameolewa miaka thelathini na moja na hajawahi kuulizwa mbona hajala.

Kaka alikuwa juu ya ndoo ile ile. Hakugeuka.

"Kaka, nilikusikia mapema," Katibu alisema. "Ningeweza kukuzima. Sikukuzima hapo hapo."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unanisema mimi."

Kaka aliokota unyasi, akauvunja vipande vipande. "Na kichwa kimevimba?"

"Kidogo."

Kuku walipita katikati yao. Kisha Kaka aliuliza walikuwa watu wangapi. Alipoambiwa, aliwaza, akauliza kama walisikia pale alipoeleza jinsi ya kuwapunguzia pumba kuku wanaotaga, maana hilo ndilo lilikuwa la maana. Katibu alikiri kwamba hakuna aliyelitaja.

"Hawasikilizi hawa," Kaka alisema. "Itabidi nirudie." Alilisema kwa uchungu wote wa mtu anayelazimishwa. Kisebusebu, na kiroho papo.

Jumatatu Katibu alitoa taarifa yake, kurasa kumi na moja. Gorofa ilipata nane, kwa sharti kwamba chumba cha sauti kifunguliwe na msimamizi peke yake. Daktari ndiye pekee aliyeisoma mpaka mwisho, akarekebisha tahajia ya ugonjwa mmoja. Watu mia mbili na kumi na wawili walihama. Waliosalia waliendelea kutumiana maua bila kuona pengo lolote.

Siku hizi kila Jumamosi saa nne asubuhi Kaka huzungumza nusu saa akiwa bandani. Watu wakimuuliza swali huwajibu kwa mkato, hata daktari, kisha huwarudia kuku wake kwa sauti ya asali. Wasikilizaji hufika tisini. Katibu aliwahi kuwachunguza, akagundua karibu nusu yao hawafugi hata kifaranga.