Saa Tatu ya Mama

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye mkeka wa mpira uliolowa, namkazia binti yangu kamba za viatu vya kutelezea kwenye barafu, aliposema, "Mama, hiki kinabana kidole." Kwa Kiswahili, kama tunavyoongea siku zote. Mwalimu wake wa mchezo akaja kusimama juu yetu.

"Kifaransa, tafadhali. Na nyumbani pia, madame. Rehema akishaiacha hiyo lugha, ndipo tutaongea kuhusu jina lake kwenye orodha."

Orodha yenyewe ni ya watoto watakaoiwakilisha klabu kwenye mashindano ya kimataifa. Rehema ana miaka tisa na anaruka kuwashinda wote wa rika lake. Sisemi hivyo kwa sababu ni wangu. Kila mwenye macho pale ukumbini anaona.

Nikainuka. Nilianza na "Wewe, hebu rudia!" kwa Kiswahili, nikamalizia kwa Kifaransa cha mtaani, hadi anayeendesha gari la kulainisha barafu akafunga breki. Sijutii hata neno moja. Lakini ile harufu ya mpira na ngozi iliyolowa ilikuwa imeshanirudisha kwenye umri wa miaka kumi na mmoja.

Tuliishi Laeken, mtaa mmoja wa Brussels, mama na mimi, ghorofa ya tatu. Mama alisafisha wodi kwenye hospitali moja huko Woluwe, upande wa pili wa jiji. Alikuwa na mdomo mama yangu, jamani! Mchezo wangu aliuita kuserereka. "Leo umeserereka kama sabuni ya bafuni," alikuwa ananiambia, nami nacheka mpaka kwikwi. Alikaa jukwaani na makoti mawili na chapati zake, akiwapa majaji majina ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Mashindano yangu ya kwanza ya kimataifa yalifanyika hapa hapa Brussels, na kundi langu lilipangiwa mchana. Usiku wa kuamkia siku hiyo, nikiwa nimeshalala, mwalimu wangu akampigia mama simu: ratiba imebadilika, mnaanza asubuhi. Mama akaandika kwenye kalenda ya jikoni: *Saa 3. Usichelewe.* Alfajiri akaenda kazini, ili akimaliza zamu tukutane ukumbini.

Nyie mnaonisoma mnajua saa tatu asubuhi ni saa ngapi. Mimi nilikuwa nimefundishwa saa shuleni Laeken. Kwangu 3 ilikuwa ile tatu ambayo mshale unaonyesha, alasiri. Nikashuka kwa jirani yetu, Mama Zuhura, anisuke.

"Mnaanza saa ngapi, mwanangu?"

"Saa tisa alasiri," nikatafsiri kwa kujidai.

"Ah, basi tuna muda. Kaa nikusuke kama bibi harusi."

Juu, kwenye nyumba isiyo na mtu, simu ilikuwa inalia.

Nilipofika ukumbini, nywele zikiwa zimependeza kweli kweli, mama alikuwa amesimama mlangoni, vifungo vya koti vimepishana. Wenzangu walikuwa wanatoka na maua mikononi. Mwalimu wangu akatuuliza, mbele ya wazazi wote, ni nani aliyekosea.

Nikanyoosha kidole. "Ni yeye. Ameandika kwa lugha yake."

Yake. Sikusema yetu.

Mama, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu, alinitazama kidogo, akasema, "Ndiyo, madame. Kosa langu." Akaambiwa kuanzia leo nyumbani ni Kifaransa, kwa faida ya mtoto. Akaitikia kwa kichwa.

Na akatii. Hapo ndipo palipouma, ingawa ilinichukua miaka kulijua jeraha lenyewe. Kifaransa cha mama kilitosha kula, kulala, haraka, vaa koti. Basi kwa miaka mingi mama yangu aliniambia kula, lala, haraka, vaa koti. Nilidhani kazi imemchosha. Nilidhani ndivyo watu wanavyozeeka. Nilipokuwa na miaka kumi na mitano nilikwenda kushindana nje, nikawa wa nne kati ya wasichana wa nchi kumi na mbili, nikamkimbilia jukwaani. Alinishika mkono, akatafuta neno, akalipata: "Bien." Vizuri, basi. Nikanuna njia nzima ya kurudi, nikiamini hajali.

Nikiwa na mimba ya Rehema nilianza kumwongelesha mama Kiswahili tena, kimepinda hicho, kimejaa kutu. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaongea tangu adhuhuri hadi magharibi bila kupumzika, na masihara yake yote, na wale majaji mmoja mmoja. Kumbe alikuwepo muda wote. Walimziba mdomo, na aliyewaonyesha pa kuziba ni mimi. Mtoto wa miaka kumi na mmoja hajui anachofanya, sawa. Mwalimu mtu mzima anajua.

Kwa hiyo Jumatatu sikwenda klabuni kwa Rehema kubembeleza. Nimeishia sekondari, lakini kuandika najua. Barua ya ukurasa mmoja na nusu, kwa Kifaransa, bila mapambo ya maneno: siku, mahali, maneno yake kama alivyoyatamka, na majina ya wazazi wawili waliokubali kusema walichosikia. Nikadai Rehema apimwe kwa miruko yake, sharti la lugha lifutwe, na nijibiwe kwa maandishi.

Katibu wa klabu aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Madame, una uhakika? Malalamiko rasmi yakishaingia hayatoki. Huenda mtoto ndiye akaumia."

"Mtoto ameshaumizwa. Piga muhuri."

Akapiga muhuri. Nikamwomba nakala, akanipa, nikaikunja nikaitia kwenye mkoba.