Mtembeza Wageni Aliyeanzia kwa Wagonjwa

Habari za kifo chake zilinifikia Jumanne asubuhi nikiwa kwenye foleni ya mahamri. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu aligeuka akaniambia kwanza kwamba mbaazi zimekwisha, kisha kwamba yule mzee mtembeza wageni amefariki. Alizipanga habari hivyo kwa sababu habari ya kwanza alidhani siijui na ya pili alidhani naijua. "Si wewe uliyemwandika gazetini?" akaniuliza. Nikakiri. Akanitazama kama mtu anayemtazama daktari aliyeambiwa na jirani kwamba mgonjwa wake kafa, kisha akachukua mahamri yake na kwenda zake.

Ni kweli nilimwandika, na wasomaji wangu wa siku nyingi huenda wakakumbuka. Kwa wageni wa ukurasa huu, nitaeleza. Marehemu alikuwa karani wa reli mstaafu, mzaliwa wa Machakos, Mkristo asiyekosa kanisani. Alikuja kisiwani Mombasa akiwa kijana kukata tiketi stesheni, enzi ambazo garimoshi la abiria lilikuwa likifika hadi mjini. Alipostaafu alinunua viatu vya raba, akapewa kitambulisho na chama cha watembeza wageni, akasimama kwenye lango la Ngome ya Wareno pamoja na wenzake waliozaliwa hapo hapo Mji wa Kale. Kitambulisho hicho kilikuwa kipande cha kadi ndani ya plastiki, na bila hicho hakuna anayeruhusiwa kusimama pale. Wenzake walivaa vyao shingoni. Yeye alikiweka mfukoni mwa shati na kukigusagusa, kama mtu anayehakikisha hajaibiwa.

Siku hizi mgeni haji Mombasa kuuliza kuna nini. Huja na orodha kwenye simu: Ngome, milango ya nakshi, soko la viungo, kahawa chungu, picha barabarani Ndia Kuu. Hukagua kimoja baada ya kingine kama mwenye duka anayepokea shehena, na ifikapo saa sita mchana Mombasa imekwisha. Watembeza wageni wengine waliifuata orodha hiyo, na sina la kuwalaumu. Mzee wetu aliipokea simu ya mgeni kwa mikono miwili, akaisoma orodha yote kwa makini ya karani, akairudisha na kusema kwa Kiingereza chake cha stesheni kwamba ni orodha nzuri, ila haionyeshi nani anaumwa.

Nilimfuata siku moja kuona kazi yake, nikiwa na daftari. Siku hiyo alikuwa na mume na mke kutoka Ulaya, walimu wastaafu, wapole, wamejipaka mafuta ya jua mpaka wanang'aa. Walianza saa mbili u nusu mbele ya Ngome, wakaipa mgongo. Kituo cha kwanza kilikuwa nyumba moja Kibokoni, kwa fundi cherehani aliyevunjika mguu. Wageni waliketishwa kwenye ukingo wa kitanda, wakafundishwa kusema "pole," wakasema. Mume akafanya kosa la kuuliza mguu ulivunjikaje. Fundi alikuwa ameingoja nafasi hiyo kwa wiki nzima, maana watu wa nyumbani walikwisha kuichoka hadithi. Aliisimulia tangu alipoamka siku hiyo, na mzee akatafsiri kila neno, pamoja na matusi aliyotukanwa paka aliyesababisha.

Kituo cha pili kilikuwa nyumba ya harusi. Mke aliingia ndani kwa akina mama na hatukumwona tena kwa saa mbili. Mumewe alibaki barazani nasi, akinywa kahawa na kutazama mlango kwa wasiwasi uliokuwa ukipanda kikombe kwa kikombe. Bwana mmoja pale barazani alimpoza moyo. "Mwambie asiogope," akamwambia mzee amtafsirie. "Wakimpenda watamrudisha." Alirudi kweli, ana hina mikononi na ananuka vitunguu, akacheka hovyo na kusema hajawahi kumenya vitunguu vingi namna ile katika maisha yake. Kutoka hapo tukaenda kutoa mkono wa pole kwa wafiwa, mtaa wa pili. Adhana ya adhuhuri ilitukuta hapo. Mume, kwa heshima, akauliza habari za Ngome. Mzee akamjibu, "Ngome haiugui."

Mimi nikaenda nyumbani nikaandika. Niliandika kwamba mjini petu kuna mtembeza wageni asiyeonyesha kitu, ambaye ukimfuata utaijua mifupa ya fundi kuliko mizinga ya Wareno. Nilijiona nimechekesha, na watu walicheka. Ila viongozi wa chama cha watembeza wageni hawakucheka. Walikata makala ile, wakaiweka kwenye faili, na baada ya siku chache mzee akaitwa kwenye kikao kujibu kwa nini asinyang'anywe kitambulisho. Nami niliitwa kuwa shahidi. Mtu akifanya mzaha kwa kalamu hajui utamwangukia nani, na ule wangu ulikuwa umemwangukia mzee aliyekuwa hana kazi nyingine, wala mahali pengine mjini ambapo jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kadi.

Kabla ya siku ya kikao nilimkuta njiani, nikamwomba radhi. Alinisikiliza, akasema makala ilikuwa nzuri, ila paka hakuwa mweusi kama nilivyoandika. Nikamwuliza kwa nini basi asiwapeleke wageni Ngome kwanza, halafu wagonjwa akawatazame jioni kwa wakati wake. Akasimama. "Wewe umezaliwa hapa," akaniambia. "Wewe usipokwenda kumwona mgonjwa, watu watasema una shughuli. Mimi nisipokwenda, watasema ni wa bara. Na wageni wangu huwa nao mpaka jioni. Sasa niwaache wapi? Nawachukua."

Kikao kiliitishwa saa kumi alasiri, ghorofani, chumba chenye feni moja na viti vya plastiki. Walikuwapo viongozi wanne pamoja nami, na ilipofika saa kumi na nusu mzee alikuwa hajatokea. Katibu akaandika kwamba hajatokea. Mweka hazina, mtu wa maneno, akapata uwanja. "Huyo hatakuja," alisema. "Na hata akija, mtu wa bara atamwonyesha nani Mombasa? Ataanza na hospitali, amalizie makaburini."

"Na akikuonyesha wewe?" akauliza katibu bila kuinua kichwa. "Miaka yote hii hujui hata mlango wa msikiti u upande gani."

Mwenyekiti alikuwa akiwanyamazisha ndipo simu yake ikalia. Alikuwa mamake, bibi wa miaka mingi aliyelala kitandani Kibokoni tangu mwezi wa Ramadhani. Bibi huyo alikuwa haamini kwamba simu inapeleka sauti, kwa hiyo alipiga kelele kuisaidia, na mwenyekiti aliiweka mbali na sikio. Sote tulisikia.

"Huyo mwamngoja, yuko hapa kwangu," alisema bibi. "Atachelewa. Amekuja na Wazungu wawili. Mmoja ni muuguzi kwao, amenigeuza ubavu vizuri kuliko wewe."

"Mama, niko mkutanoni."

"Najua. Ameniambia ana mkutano nanyi. Hakuniambia ni wa nini, nami nimeuliza mara tatu. Ni wa nini?"

Mwenyekiti alitutazama mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa akatazama feni. "Wa kazi tu, Mama," akasema.

"Na wewe mwisho kuja hapa lini?"

Hatukusikia jibu la swali hilo, kwa sababu mwenyekiti alitoka nje kulijibu.

Mzee alifika karibu saa kumi na moja, anatweta kwa ngazi. Akaomba radhi kwa kuchelewa na hakusema alikotoka. Hakuna aliyemwuliza. Katibu alisoma mashtaka kwa haraka, kama mtu anayesoma barua ya mwenziwe. Nilipoitwa kutoa ushahidi nilisema kwamba makala yangu ilikuwa ya mzaha, na kwamba wageni wale walimu walikuwa wameniambia hawajapata siku kama ile. Hilo la pili lilikuwa kweli, na aibu yangu ni kwamba sikuliandika gazetini kwa kuwa halikuchekesha. Mwenyekiti akakohoa, akatoa uamuzi: mzee abaki na kitambulisho chake, ila kuanzia siku hiyo awapeleke wageni Ngome kwanza, ndipo mengine yafuate.

Mzee akainua mkono. "Nina swali, Bwana Mwenyekiti. Na kukiwa na maiti?"

Mwenyekiti akafikiri kwa muda mrefu kuliko alivyofikiria mashtaka yenyewe. "Kukiwa na maiti," akasema, "Ngome baadaye." Katibu akaliandika kwenye kumbukumbu za kikao, na kwa kadiri nijuavyo ni kanuni ya chama mpaka leo.

Miaka iliyofuata mambo yaligeuka. Wageni walianza kuandika kwenye mitandao kwamba walipokuja Mombasa walipikiwa, walifundishwa kusema pole, walishika mkono wa mfiwa. Kampuni zikanusa. Leo utakuta matangazo yanayomwahidi mgeni kuishi kama mwenyeji kuanzia saa tatu mpaka saa saba, chakula cha mchana kimo ndani. Mtembeza wageni mmoja alimwendea mzee kwa ushauri wa kibiashara: awe na mgonjwa mmoja wa uhakika, kila siku saa nne kamili, nyumba iliyo karibu na mahali pa kuegesha basi. Mzee akamjibu kwamba mgonjwa hana ratiba. "Lakini kama una haraka," akaongeza, "ugua wewe. Nitakuletea basi zima." Nimelisimulia jibu hilo mara nyingi, na kila mara husahau kusema kwamba mtembeza wageni huyo alipopatwa na malaria kweli, mzee alikwenda, bila basi.

Hapo ndipo ningependa kuishia, kwenye kicheko, kama ilivyo desturi yangu. Lakini Jumatano nilikwenda kuwahani wafiwa wake, na sina budi kusimulia. Nilijua kwamba anakaa upande wa Tononoka. Zaidi ya hapo sikujua kitu. Mtu huyu alikuja kwangu nilipopasuliwa, alikuja mke wangu alipojifungua kifungua mimba wetu, alikuja na Mjapani mmoja mwenye huzuni nilipofiwa na baba. Nami, niliyezaliwa kisiwa hiki hiki, na ambaye ningeweza kwenda kwake kwa miguu na kurudi kabla chai haijapoa, nilisimama mbele ya duka la Tononoka nikauliza njia kama mtalii. Mwenye duka alininyooshea kidole. Nilipokaribia niliona wanawake waliovaa mabuibui uani, nikadhani nimekosea nyumba. Walikuwa akina mama wa Kibokoni. Mmoja wao, yule wa foleni ya mahamri, alikuwa akitoka jikoni na sufuria kubwa bila kuuliza vitu viliko, na nikafahamu kwamba wenzangu walikuwa wakiijua njia hii kwa miaka. Mzee alikwisha kuwa mtu wa mji zamani. Ni mimi peke yangu niliyedhani kesi yake ingali inasikizwa.

Mjane wake aliketi kwenye mkeka, ametulia. Nilimpa mkono wa pole na kumtajia jina langu.

"Wewe ndiwe wa gazeti," akasema.

"Ndimi, mama."

"Alisema utakuja. Akasema utauliza njia dukani." Hakusema kwa uchungu. Alinisogezea mkeka, akanionyesha pa kukaa, akaniuliza kama nimekunywa chai.

Machakos watamzika Jumamosi, na nimeambiwa basi la kwenda mazikoni limejaa watu wa Mji wa Kale kiasi kwamba jamaa zake wanatafuta la pili. Msomaji, huenda nawe unaye mtu ambaye kila ukiugua huja, hukaa, hukuuliza hali, huenda zake. Kama hujui anakolala, muulize leo, kisha nenda, ungali na uwezo wa kubisha hodi akakuitikia mwenyewe.