Fundi Nesing na Kompyuta ya Jumapili

Ni Jumapili, saa tano na nusu asubuhi. Watu wamesharudi kanisani na kichochoro kizima kinanukia vitunguu saumu vinavyokaangwa. Inesita Palmares anatundika taulo jekundu mlangoni kwake, anakohoa kusafisha koo, kisha anapaza sauti inayofika hadi nyumba ya mwisho.

"Jamani, pasi chini! Sufuria za umeme chini! Atakayewasha kitu leo tusijuane!"

"Na karaoke?" anauliza Nang Purita, jirani wa mlango wa pili, ambaye mjukuu wake anatimiza mwaka mmoja leo. Mashine ya kukodi imeshafika na kipaza sauti kiko mkononi.

"Hasa karaoke, Nang. Ile sauti yako pekee inakula umeme wa nyumba tatu."

Kichochoro kinacheka. Nang Purita anasonya, lakini anachomoa waya.

Hapa Jaro, jijini Iloilo, nchini Ufilipino, Inesita anajulikana kwa jina la Nesing, au Nang Nesing, yaani Dada Nesing, kwa waliomzidi udogo. Ana miaka arobaini na saba, mabega mapana na mdomo usiolala. Kazi yake ni kuzipa nguvu mpya kompyuta chakavu za kuchezea michezo, zile ambazo wenyewe hawana uwezo wa kununua nyingine. Chumba chake cha kazi ndiyo sebule yake, na meza ya kazi ndiyo meza ya kulia.

Nyumba za kichochoro hiki zinavuta umeme kwenye waya mmoja. Pasi mbili zikiwashwa kwa pamoja, swichi kuu inaanguka na wote wanakosa. Betri yake ya dharura ilikufa mwaka jana, kwa hiyo Nesing hutegemea majirani. Taulo likitundikwa, watu wanajua kuna bodi ya mtu iko mezani, na wali unasubiri.

Leo bodi hiyo ni ya Arnulfo Gallinero, mwashi wa miaka sitini na moja, ambaye amekaa kwenye ukingo wa kiti akiwa bado na shati lake la kanisani. Mikono yake imezoea matofali na hapa haijui pa kukaa.

Binti yake Jelamie yuko Taiwan, anatunza mzee wa watu. Kila Jumapili, saa nane mchana, baba na mtoto wanakutana ndani ya mchezo wa vita, kila mmoja na askari wake. Jelamie ndiye aliyemfundisha kabla ya kuondoka, kwenye kompyuta kuukuu aliyoinunua kwa mshahara wake wa kwanza wa dukani.

"Kwenye simu hatuna maneno," anasema Arnulfo, ambaye kichochoroni ni Nong Nulfo, yaani Kaka Nulfo. "Ananiuliza nimekula, namwambia nimekula. Kimya. Lakini tukiwa tunajificha nyuma ya ukuta na bunduki zetu, ananimwagia yote. Bosi wake, mgongo unaomuuma, kijana anayemsumbua. Yote."

Mwezi huu mchezo uliboreshwa, na kompyuta yake ikashindwa hata kuufungua. Prosesa, ambayo ndiyo inayofikiri ndani ya mashine, ilikuwa imezeeka. Jumapili mbili zimepita Jelamie akimsubiri baba yake peke yake.

Nesing aliikagua bodi na kuona kuwa bado ni nzima. Inaweza kubeba prosesa iliyotoka miaka michache baada yake, yenye nguvu maradufu, mradi kwanza imiminiwe programu mpya ya msingi ili iitambue. Alimtafutia prosesa iliyotumika kwa peso elfu tatu, karibu mshahara wa wiki wa mwashi. Ufundi wake ni peso mia tatu na hamsini, na hapunguzi.

"Nong, wewe ukijenga ukuta unapunguza?" alimuuliza.

"Sipunguzi."

"Basi tumeelewana."

Sasa Nesing anabonyeza kitufe, programu inaanza kumiminika, na mstari mwembamba unaanza kutambaa kwenye skrini. Umeme ukikatika kabla mstari haujafika mwisho, bodi inakufa hapo hapo, na pesa ya nyingine haipo. Nesing anajua. Bodi ya kwanza kufia mikononi mwake ilikuwa ya mteja, akailipa kwa kufua nguo za familia ile msimu mzima wa mvua.

Mstari umevuka nusu, ndipo taa inafifia ghafla. Feni inapunguza mwendo. Nong Nulfo anafanya ishara ya msalaba.

"Nani huyo?" Nesing anafoka bila kuondoa macho kwenye skrini.

Ni mpangaji mpya wa nyumba ya kona, mke wa kijana mmoja wa bandarini, anayepiga pasi sare za shule. Hajui habari ya taulo. Lakini Nang Purita ameshafika kwake, kipaza sauti bado mkononi, akimwita Inday kama wanavyoitwa mabinti wote hapa.

"Chomoa, Inday! Chomoa, mtoto wa watu anasubiri Taiwan!"

Pasi inachomolewa. Taa inarudi. Mstari, ambao haukusimama hata kidogo, unaendelea kutambaa mpaka mwisho. Mpangaji mpya anakuja mlangoni, uso umemshuka.

"Samahani, Nang. Sikujua."

"Sasa umekuwa mwenyeji," Nesing anamwambia. "Ingia uone ulichotaka kukiua."

Kompyuta ikiwa bado ya moto, anaizima na kulegeza chuma cha kupozea kinachokaa juu ya prosesa. Haking'oi. Anakizungusha taratibu, kushoto na kulia, mpaka grisi iliyoganda inaachia. Wengi hukivuta wakati mashine ni ya baridi, na prosesa inang'oka nacho huku vijiti vyake vimepinda. Anaitoa ya zamani, anaiweka mpya bila kuisukuma, anatia grisi kiasi cha punje ya choroko.

Mikono hii iliwahi kufagia. Nesing alikuwa mfagiaji katika duka la michezo ya kompyuta, na duka lilipofungwa mwenyewe hakuwa na cha kumlipa, akampa mashine nne mbovu. Wakati huo alikuwa ameshapata pasipoti na kazi ya ndani Hong Kong. Aliziweka zile mashine mezani, akazifungua, na wiki ya safari ikapita akiwa ameinamia waya.

"Walinicheka mpaka nikakonda," anasema. "Mwanamke mzima, ati na bisibisi. Pasipoti yangu iliisha muda bila muhuri hata mmoja. Ninayo kabatini, na ninajivunia kila ukurasa wake mtupu."

Anawasha. Feni inazunguka, lakini skrini ni nyeusi.

Nong Nulfo anamwangalia Nesing. Nesing anaangalia skrini. Mpangaji mpya anaanza kulia, akiamini pasi yake ndiyo iliyoharibu. Nong Nulfo ananyoosha mkono kwenye kitufe.

"Usiguse!" Nesing anamchapa kiganja. "Prosesa ngeni inaizoea nyumba. Mgeni akiingia kwako unamfukuza kabla hajavua viatu?"

Wanasubiri. Nesing amekalia mikono yake mwenyewe, kwa kuwa na yeye inamwasha kubonyeza kitufe. Kisha skrini inang'aa, maandishi yanatokea, na jina la prosesa mpya linasomeka pale juu. Shangwe inapasuka mlangoni, ambako nusu ya kichochoro imejazana. Nang Purita anachomeka karaoke bila kuomba ruhusa.

Saa nane inamkuta Nong Nulfo na hedifoni kichwani, askari wake akikimbia barabarani bila kukwamakwama. Upande wa pili, sauti ya Jelamie inasikika hadi kwa wanaosimama karibu.

"Tay! Baba, mbona leo una mbio hivyo? Nani kakutengenezea?"

"Nesing, nani mwingine?"

"Yupo hapo? Mpe hedifoni."

Nesing anazivaa. Anazibana masikioni kwa viganja, maana karaoke imepamba moto, na sasa ni yeye tu anayesikia. Jelamie anamwambia kuwa mkataba unaisha Desemba, wakala anataka asaini tena, na yeye hataki. Anauliza kama Tita Nesing, kwa maana ya shangazi, anaweza kumfundisha kazi.

Kwa muda mrefu Nesing amekuwa na mpango wa kuvunja ukuta wa jikoni na kuweka meza ya pili. Amekuwa akisema mwakani, kila mwaka. Anaukodolea macho ukuta ule.

"Njoo, Inday," anasema. "Tutapikia nje. Ukuta nautoa kabla ya Desemba, na mwashi ninaye hapa hapa."

"Mwashi wa nini?" anauliza Nong Nulfo. "Kasemaje mtoto?"

"Anarudi nyumbani, Nong. Anarudi kufanya kazi hapa, na mimi."

Kwenye skrini, askari wa Nong Nulfo amesimama wima katikati ya barabara, risasi zinamnyeshea kutoka kila upande, na mwenyewe hana hata habari.