Sufuria ya Mama Erica

Wafanyakazi wa ofisi za serikali kule Mtumba, Dodoma, hula ugali karibu kila mchana, na sijamsikia hata mmoja akiuliza umetoka wapi. Hupanga foleni, huchukua sahani, hulalamika kwamba mlenda umepoa, kisha hurudi kwenye viyoyozi vyao. Siwalaumu sana. Hata Loisi, aliyepika tangu utotoni na kuendesha kibanda chake cha mama lishe kule Mkonze mpaka barabara ilipopanuliwa ikakiondoa, alidhani anaujua ugali. Alidhani hivyo mpaka asubuhi aliyokwenda kuomba kazi ya kuosha vyombo kwenye mgahawa wa Geofrey uliolisha ofisi hizo, akachungulia jikoni na kumwona Dorothea.

Sufuria yenyewe ilikuwa imejengewa kwenye jiko la matofali, na upana wake mtu mzima angeweza kujikunja ndani akalala. Chini yake gesi ilinguruma. Dorothea alikuwa amepanda juu ya tofali ili aone ndani, khanga kaifunga kiunoni, mwiko mrefu kaushika kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika mchi. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyekwishapita miaka hamsini, na unga uliokuwa ukipinduka mle ndani ulikuwa mzito kuliko yeye. Lakini ulipinduka. Aliuvuta kutoka chini, akaulaza, akauchoma katikati, akauvuta tena, jasho likimtiririka mpaka kwenye viwiko, wala hakusimama kupumzika hata mara moja. Loisi alisahau kilichomleta. Alisimama pale mlangoni kama mtu aliyeingia kanisani katikati ya sala.

"Mbukwa," Dorothea alimsalimia bila kugeuka. "Kama umekuja kufanya kazi, masufuria machafu yale pale."

Ndivyo alivyoajiriwa. Geofrey alikuja baadaye kuthibitisha tu.

Mshahara wa jikoni pale haukuwa wa kusimulia. Ulikuwa wa kutoka nao mlangoni na kufika nao stendi umekwisha. Kwa hiyo chakula kilikuwa sehemu ya malipo, na chakula chenyewe kilikuwa ukoko. Wateja wakishahudumiwa, watu wa jikoni waliukwangua ule ugali uliogandia chini ya sufuria, mgumu, wenye harufu ya moshi, wakagawana na kuula kwa mabaki ya mboga. Hakuna aliyemwambia Loisi. Siku ile ya kwanza, kwa kutaka aonekane mchapakazi, alisubiri ugali wa mwisho utoke, akamimina ndoo nzima ya maji ya sabuni ndani ya sufuria.

Watu waliokuwa wamesimama tangu alfajiri walitazama ukoko wao ukielea kwenye povu. Dorothea akachungulia.

"Umetuoshea chakula, mwenzangu," alisema, kisha akacheka mpaka akaegemea ukuta. Akawaambia wengine waache kununa, kwamba njaa ya siku moja haijaua mtu pale jikoni. Loisi alitamani ardhi ipasuke, lakini tangu dakika ile alimpenda yule mama. Na ndipo alipogundua kwamba Dorothea aliegemea kwa mkono wa kushoto. Wa kulia alikuwa ameubana tumboni.

Bega lilikuwa limekwisha. Miaka yote ile ya kusonga ilikuwa imelila taratibu, na Dorothea hakwenda hospitali kwa sababu siku usiyokuja kazini haikulipwa. Kila mtu jikoni alijua, na kila mtu alinyamaza, maana binti yake Erica, ambaye kwa jina lake wote walimwita Dorothea Mama Erica, alikuwa Mpwapwa akisomea mambo ya mifugo, na alisoma kwa bega lile lile. Kisha Jumanne moja mkuu wa idara fulani akakutana na donge la unga mbichi kwenye sahani yake.

Geofrey alikuja jikoni asubuhi iliyofuata. Alikuwa kijana mwenye adabu, hilo sitamnyima. Alikuwa na desturi ya kukuamkia kwanza ndipo akuvunje moyo.

"Shikamoo, Mama Erica."

"Marahaba, mwanangu."

"Ijumaa tuna ugeni, watu wa semina, karibu mara mbili ya siku za kawaida. Nikisikia donge hata moja, mwiko nampa kijana kutoka mjini. Wewe utahamia kwenye vyombo. Mshahara utapungua kidogo, lakini na wewe utapumzika."

Loisi, aliyekuwa kwenye karo la vyombo na vidole vimepasuka kwa sabuni, alilisikia hilo neno kupumzika na nusura acheke. Kisha akamwona Dorothea usoni, hamu ya kucheka ikamtoka. Ule upungufu ambao Geofrey aliutaja kwa wepesi ndio uliokuwa chakula cha Erica.

Ijumaa ikafika. Maji yalichemka, uji ukakolea, ndoo za unga zikaanza kumiminwa. Dorothea alipanda kwenye tofali lake na kusonga, na kwa muda Loisi alidhani leo bega limekubali. Kisha mwiko ukasimama. Dorothea aliuvuta, haukuja. Aliuvuta tena, uso ukamkunjamana, mkono wa kulia ukaachia wenyewe na kuning'inia. Gesi iliendelea kunguruma. Ugali ukisimama juu ya moto ule huungua chini, na juu huganda na unga wake mbichi ndani, na hakuna wa kuurudisha.

Loisi hakufikiri. Alichomoa mwiko wa akiba ukutani, mikono ingali na povu, akapanda kwenye jiwe upande wa pili wa sufuria na kuuchoma. Mwiko wake ukagonga wa Dorothea. Wakajaribu tena, miko ikagongana tena, kila mmoja akiharibu alichovuta mwenzake.

"Twanga," alisema Dorothea kwa sauti ndogo.

Hakuhitaji kusema zaidi. Wote wawili walikuwa wamekulia vijijini, mahali ambapo wanawake wawili husimama kwenye kinu kimoja cha uwele, mchi mmoja ukishuka mwingine unapanda, na mtoto wa kike hufundishwa kumsikiliza mwenzake pumzi kabla hajafundishwa kutwanga. Loisi aliacha kutazama mwiko. Akasikiliza. Dorothea alitoa pumzi na kuvuta kwa mkono wa kushoto. Loisi akangoja, akatoa yake, akavuta. Pumzi na pumzi. Ule mzigo ambao dakika moja nyuma ulikuwa kama ukuta ukaanza kulegea, ukageuka, ukazunguka wote kwa pamoja. Loisi aliogopa. Hakuwa akiogopa moto wala Geofrey. Aliogopa jinsi mwanamke wa mkono mmoja alivyokuwa akiuongoza ugali ule wote kwa kuusikia tu, akisema "hapo chini kwako" pale pale donge lilipokuwa, "sasa punguza," "sasa unga kidogo," akiwa amefumba macho kwa maumivu. Maishani mwake alikuwa ameona watu wenye nguvu. Kitu kama kile hakuwahi kukiona, na alijua hataweza kumweleza mtu akaelewa.

Ugali ulitoka laini, na watu wa semina walikula bila kuuliza umetoka wapi.

Geofrey alipoingia, watu wa jikoni walikuwa wakigawana ukoko. Alionja kipande, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akaiona miko miwili ndani ya sufuria.

"Nani kasonga?"

"Mama Erica," Loisi aliwahi.

"Tumesonga wawili," alisema Dorothea.

Lakini Geofrey hakukasirika. Alimtazama Loisi kwa makini, kama mtu aliyekuta duka lina mlango mwingine.

"Kumbe huyu naye ni mpishi. Kuna ofisi nimekuwa nikiikataa kwa kukosa mtu. Jumatatu naweka sufuria ya pili. Kila mmoja na yake."

"Sufuria mbili ni wapishi wawili, mwanangu," alisema Dorothea. "Mwandike mpishi leo hii, mshahara wa mpishi, na utafute mwosha vyombo."

Geofrey alikuna sikio. Mwishowe akasema sawa, akaondoka akipiga mluzi.

"Mama Erica," Loisi alinong'ona, "kila mmoja na yake, kwa bega hili?"

"Yeye hakai jikoni." Dorothea alivunja kipande kikubwa cha ukoko na kumwekea kiganjani. "Tutawahi kufika. Tunasonga ya kwanza wawili, tunaifunika, tunahamia ya pili. Ilimradi ugali utoke."

Jumatatu walifika kukiwa bado na baridi ile kavu ya Dodoma. Sufuria mpya ilikuwa imejengewa kando ya ile ya zamani, pana vile vile. Walisimama kwenye ya kwanza na kutwanga kwa pumzi mpaka ugali ukaiva. Loisi aliposhuka kwenye jiwe, mgongo ulikataa kunyooka. Alikuwa mpishi sasa, mshahara umepanda kidogo mno, na furaha na woga vilimjaa kifuani kwa pamoja. Kando yake Dorothea alifunika sufuria kwa mkono wake mmoja mzima, akachota maji kwenye kikombe cha plastiki, akampa.

"Kunywa," alisema. "Bado moja."